Siku Tisini za Mafuta

Miaka miwili watu wa Karatu walinisifia ugonjwa. Naomba hilo lieleweke kwanza, maana hasira yangu yote inaanzia hapo. Nilikuwa navimba. Uso ulijaa kama andazi lililozidi hamira, vidole vikakataa pete, na miguu ukiibonyeza shimo linabaki. Kila niliyekutana naye sokoni alinishika mkono kwa furaha: "Jamani, umependeza! Ndoa imekukubali!" Mama yangu mzazi, mkulima wa ngano na mbaazi ambaye hajawahi kunisifia kwa lolote, hata nilipofaulu kidato cha nne, alinitazama akasema, "Sasa na wewe unaonekana mtu."

Mtu! Nilikuwa nasinzia nimesimama. Saa saba mchana, jua limewaka, mimi nimevaa sweta mbili na meno yanagongana. Nywele zilikuwa zinatoka na kitana. Nikisema nimechoka, ninaambiwa ni raha, wanene ndivyo walivyo.

Daktari ndiye wa kwanza kutonisifia. Alinishika shingo kwa vidole viwili, akaniambia nimeze mate, akanipeleka kutoa damu. Majibu yalipotoka akasema tezi ya shingo, ile inayouamuru mwili uchangamke, yangu imelala. Goita, ule uvimbe wa shingo, ilikuwa imeshaanza pia, ila ndogo. Akaniandikia kidonge kimoja kila asubuhi kabla sijatia kitu tumboni.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Maisha."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na mtoto mgongoni. Neno hilo lilinikaa vibaya. Vidonge nikavimeza, lakini kwa kinyongo, leo ndiyo, kesho nimesahau.

Mume wangu ni Mmasai wa Arash, upande wa Loliondo, askari wa kambi ya watalii huko juu Ngorongoro, nyumbani wiki moja kwa mwezi. Mimi ni Mwiraqw. Wazee wetu walipigana kwa mikuki, sisi tukatongozana kwa simu. Siku nilipoingia kwenye boma la kwao mara ya kwanza, mama yake alinipa kondoo jike. Kwao mtu akikupa mnyama mnaacha majina, mnaitana kwa huyo mnyama. Kwa hiyo mama mkwe wangu ananiita Paker, yaani mtu tuliyepeana naye kondoo, na mimi namwita Paker. Nililipenda jina hilo. Lilinifanya nijione mwenzake, si mtu aliyeletwa.

Sasa, Jumapili moja, mchana kweupe, nilikaa kwenye kigoda nje ya chumba chetu nikichambua maharage. Binti yangu wa miaka miwili na nusu alikuwa kando anachezea mfuniko wa sufuria. Nikashtuliwa na mtu anapiga bati la mlango kwa ngumi. Dereva wa gari la watalii, sare imejaa vumbi, amemshika mtoto mkono.

"Huyu ni wako?"

Nikasema ni wangu.

"Nimemkuta katikati ya lami. Ameketi! Anapanga kokoto! Nimefunga breki mpaka wazungu wangu wamegonga vichwa. Unalala kama umekufa, mama?"

Maharage yalikuwa yamemwagika mapajani mwangu na kuku wa jirani wanayadonoa, na mimi sijasikia. Nikamvuta mtoto kwangu. Dereva alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Mume wangu aliposikia, alimpigia mama yake. Sijui kama nitamsamehe kwa simu hiyo. Siku ya pili yake Paker akafika, na fimbo yake na mfuko wa maziwa. Hakunifokea. Alikaa siku tatu ananiangalia tu. Aliniangalia nikipika, nikifua, na nikisinzia na kijiko mdomoni. Siku ya tatu akasema, "Paker, mimi sikulaumu. Ng'ombe akiugua, ndama anapelekwa kwa mwingine anyonye. Hakuna anayemtukana ng'ombe. Nampeleka mtoto Arash."

"Mtoto wangu si ndama!"

"Ndama asingefika barabarani," akasema. "Tungemfunga."

Nililia, nikagoma, nikashika mlango. Mwisho nikaomba miezi mitatu. Ni mimi niliyeitaja, yeye hakuitaja. Akakubali. "Mvua za vuli zikianza nakuja. Nikikuta macho yako yamefunguka, nakunywa chai narudi peke yangu. Nikiyakuta hivi, naondoka na mtoto."

Mume wangu alikuwa ameketi hapo hapo. Alisema, "Ni sawa." Kwa nani ilikuwa sawa, hakusema.

Nafanya kazi jikoni kwenye lodji. Kazi yangu ni lanchi boksi, chakula cha wageni wanaoshuka kreta alfajiri. Kila boksi tunaliandika herufi kwa maka, kalamu ya wino mzito. V ni wasiokula nyama. K ni wa keto, walioacha wanga wanaokula mafuta. Boksi la K halina mkate, halina ndizi, halina juisi wala keki. Lina mayai mawili ya kuchemsha, paja la kuku na ngozi yake, jibini, parachichi na karanga. Mwanzoni tuliwacheka hao watu. Umetoka Ulaya, umelipa ndege, unakuja kukataa mkate?

Halafu akaja mgeni mmoja wa K, mama wa makamo, mwepesi kama mwanafunzi wa kidato cha pili. Mhudumu aliyempelekea chai akarudi jikoni na habari kwamba yule mama naye alikuwa na ugonjwa wa tezi, alikuwa halali wala haamki, na kilichomwamsha ni kuacha wanga. Wenzangu waliipita hiyo habari. Mimi niliondoka nayo kama mtu aliyeokota kitu barabarani na kutazama nyuma kama mwenyewe anamwona.

Jioni hiyo hiyo nikatafuta kwenye simu. Nikampata kocha mmoja wa Dar anayeendesha kundi la keto. Alikuwa na sauti nzuri, shati jeupe na picha za watu kabla na baada. "Tezi haifi, dada yangu. Tezi imezibwa na sukari. Nipe siku tisini." Siku tisini! Hesabu ile ile niliyomwomba Paker. Nilipata C ya Baiolojia, najua kuchora moyo na vyumba vyake vinne, na bado nilimwamini. Mtu anayezama hachunguzi kamba imesokotwa na nani.

Kuacha ugali Karatu ni kama kuacha kanisa. Watu wanakuja kukuuliza umekosewa nini. Jikoni wakati wa chakula cha wafanyakazi nilikuwa nachukua mboga na nyama, sahani nusu tupu. Shefu akaniuliza mbele ya wote, "Na wewe siku hizi ni V au K?"

"K," nikasema.

"Mwiraqw wa K! Babu yako anajua?"

Kesho yake nilikuta sahani yangu imefunikwa, na juu ya kifuniko wameandika K kubwa kwa maka, na chini yake: *Mgeni huyu hali ugali, anakula hewa.* Nilicheka. Wakati ule nilikuwa bado naweza kucheka.

Nikampigia Paker kumweleza. Nilidhani atapinga. Nikamwambia nala nyama, mafuta, samli, mayai, na maziwa nimepunguza.

"Maziwa kwa nini?"

"Yana sukari."

"Nani kakwambia?"

"Kocha."

"Ana ng'ombe wangapi?"

"Hana. Yuko Dar."

Akasema, "Mtu asiye na hata mbuzi anakufundisha mafuta. Na wewe umenunua bando umsikilize. Ulipojifungua nilikuletea mafuta ya kondoo, ukaziba pua."

Kweli niliziba. Safari hii niliomba mwenyewe, akanitumia galoni. Na niliomba kingine. Kocha alikuwa amesema chumvi ya dukani ni sumu ya kiwandani, tutumie ya asili. Wenzangu wa kundi walikuwa wanaonyeshana chumvi ya rangi ya waridi kwenye vikopo vya kioo. Mimi nikawaza, kwani kwetu hakuna asili? Nikakumbuka mawe ya chumvi ambayo Paker hununua kwa watu wa Engaresero, wanaoyatoa kando ya ziwa.

"Hiyo ni ya ng'ombe," akasema.

"Ni ya asili."

"Ng'ombe naye ni wa asili. Utakula na majani?"

Lakini akaituma. Nikaisaga kwenye kinu, kijivu, chungu kidogo. Pakiti ya chumvi ya dukani nikampa jirani, na nikamhurumia kwa sumu niliyompa.

Wiki mbili za kwanza nilidhani nakufa. Kichwa, kizunguzungu, misuli ya mapaja inakaza, mdomo unanuka kama rangi ya kucha. Halafu nikapanda upande wa pili. Maji yalitoka mwilini. Pete ikaingia. Nikaanza kuamka kabla simu haijalia, nikampeleka mtoto kanisani kwa miguu, tunapanda kilima naye anakimbia mbele na mimi namfuata, namfuata kweli, namshika! Mwezi ule nilikuwa na furaha, sitadanganya. Nilijiona nimemshinda Paker, nimemshinda daktari na lile neno lake.

Nikamwuliza kocha kuhusu kidonge. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde ishirini: uzito ukishuka maana yake tezi imeamka, na ukiendelea kuitegemeza kwa dawa itazoea uvivu. Nampa lawama zake. Lakini kidonge nilikikata mwenyewe, kwa kisu kidogo cha jikoni, nusu kwa nusu. Baadaye hata nusu nikaacha. Hakunishika mkono mtu.

Na watu wa Karatu, wale wale? "Umeisha! Vipi, unaumwa?" Sauti zikashuka. Jirani mmoja wa kanisani alinivuta pembeni akanishauri nikapime, siku hizi dawa zipo, hakuna aibu. Mama yangu akapiga simu: "Huko kwa Wamasai hawakulishi?" Nilipougua nilipendeza. Nilipojaribu kupona wakaniona marehemu mtarajiwa. Nilitamani kuwashika mmoja mmoja mabegani na kuwatikisa.

Ilikuwa kama wiki ya kumi mambo yalipogeuka. Kwanza sauti. Mtoto aliniita, nikaitika, akageuka kutafuta mwanaume aliyeongea. Kisha baridi ikarudi, haja kubwa siku tano hakuna, ngozi kavu kama ganda la mbaazi. Mwili ulikuwa umekonda lakini uso unavimba, nikawa na kichwa cha mtu mwingine. Kwenye kundi wakaniambia ni sumu zinatoka, nizidishe mafuta. Nikazidisha. Nilikunywa yale mafuta ya kondoo kwa kikombe, nimesimama, machozi yananitoka.

Alfajiri moja shefu alinikuta nimelala juu ya meza ya maboksi, shavu kwenye majani ya saladi, maka mkononi. Hakutania. Alichukua maboksi akamalizia mwenyewe na kunipa ruhusa ya kwenda hospitali.

Daktari alikuwa yule yule. Safari hii hakuhitaji vidole, goita ilikuwa inaonekana kwa macho. Akauliza vidonge. Nikamwambia. Akauliza chakula, nikamwambia. Akauliza chumvi.

"Chumvi gani?"

"Ya asili. Ya Engaresero."

"Ile wanayolamba ng'ombe?"

Akaweka kalamu chini, akajifuta uso kwa viganja. Kisha akaniambia taratibu, na taratibu yake iliniuma kuliko kama angefoka, kwamba udongo wa milima yetu hauna madini joto ya kutosha, yale yanayolisha tezi. Ndiyo maana bibi zetu wengi walikuwa na shingo zile tulizodhani ni uzee. Ndiyo maana chumvi ya pakiti inatiwa madini joto kiwandani. "Tezi yako ilikuwa inahitaji vitu viwili," akasema. "Vyote viwili umevitoa nyumbani kwako kwa mikono yako."

"Na keto?"

"Hayo mafuta hayajakudhuru sana. Ungependa kula hivyo na kidonge chako, tungekaa tukapanga, tukapima damu. Lakini hayakuwa na kazi ya kukuamsha."

"Lile jambo la yule mgeni?"

"Mgeni gani?"

Ni sasa tu ninapowaza kwamba yule mama pengine alikuwa na kidonge chake kwenye mkoba, anakimeza kila asubuhi hotelini, na mhudumu hakukiona. Au hakuwa nacho. Sitajua kamwe. Nilijenga siku tisini juu ya maneno ya mtu aliyepeleka chai.

Nikamwuliza daktari nitaamka lini. Akasema nianze dozi yote, nirudi baada ya wiki sita tupime. Nje mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya ukingo wa kreta na hayaondoki. Vuli ilikuwa imebakiza siku tisa, kumi.

Paker alikuja na matone ya kwanza, kama alivyosema. Nilijiandaa. Nilikunywa kahawa vikombe vitatu, nikaosha uso kwa maji ya baridi, nikaamua sitakaa chini muda wote atakaokuwepo, maana nikikaa nimekwisha. Nikapika nimesimama, nikampa chai nimesimama. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani anatazama viatu vyake. Mtoto alikuwa amempanda bibi yake magotini, anahesabu shanga.

"Paker," nikasema, "nimekosea dawa. Nimerudi kwa daktari. Niongezee wiki sita."

"Ulisema miezi mitatu."

"Najua nilichosema."

"Ulisema wewe. Mimi nilitaka siku ile ile."

Hapo nikayamwaga yote. Nilimwambia amekuja kunivunja. Kwamba tangu mwanzo hakutaka Mwiraqw. Kwamba jina la kondoo ni la kunihadaa. Nilimgeukia mwanawe nikamwita mwanamke, nikamwita viatu. Maneno mengine nimeyasahau na mengine siyaandiki. Paker alisikiliza yote bila kuacha kumshika mtoto mgongo.

"Umemaliza?" akasema. "Keti basi. Unayumba."

Nilikuwa nayumba kweli. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, dakika moja tu, ili nipate pumzi ya kuendelea.

Nikalala. Nagombania mtoto wangu, nikalala! Hakuna aibu niliyowahi kuipata inayofikia hiyo. Nilipofumbua macho chai yangu ilikuwa imeota utando, mvua inapiga bati, na nguo za mtoto zimekunjwa kwenye mfuko. Paker alikuwa bado ameketi pale pale.

"Gari lilipita," akasema. "Nimeliacha. Sikutaka kumwiba umelala. Tutaondoka na la kesho, na utamtoa wewe kwa mkono wako."

Nilitamani angemwiba. Ningekuwa na mtu wa kumchukia vizuri. Kesho yake nilimbeba mtoto mwenyewe hadi stendi, nikamweka kwenye mapaja ya bibi yake, nikafunga dirisha kwa sababu mvua ilikuwa inaingia. Hakulia. Alikuwa na biskuti.

Wiki sita nilimeza kidonge kila asubuhi bila kukosa. Chumvi nikarudisha ya pakiti. Ugali nikarudi kuula, si kwa kuupenda, ila sikuwa na sababu ya kutokula. Kundi la keto nikajitoa. Kocha alinitumia picha ya ua. Damu ikapimwa, daktari akatabasamu mara ya kwanza, akanipa karatasi. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari la Loliondo na karatasi yangu kwenye mfuko wa plastiki, na pale liliponishusha nikachukua pikipiki hadi Arash.

Sikurudi naye. Nasema mapema ili mtu asisubiri. Paker alinitazama machoni muda mrefu, akasema, "Yamefunguka kweli, Mungu ni mkubwa," akashika karatasi juu chini na kunirudishia. Kisha akasema mtoto ameshazoea, ameanza kunenepa, nimwache mpaka mvua za masika ziishe. Mume wangu alikuwa ameshakubali kwa simu. Sikuulizwa kama ni sawa.

Lakini hilo lilikuja baadaye, ndani, kwenye moshi. Kabla yake, nilipoingia tu kwenye uzio wa boma, watoto walikuja mbio kunipokea, wanane au tisa, wamenyolewa vichwa, wamevaa shuka, miguu na vumbi mpaka magotini. Wakajipanga. Kwao mtoto hampi mkubwa mkono, anainama na kumletea kichwa, nawe unaweka kiganja juu yake. Nikaanza kuwagusa mmoja mmoja, haraka haraka, huku macho yangu yanapita juu yao yanatafuta mlango wa nyumba, atatokea wapi, mbona hatokei.

Nilikuwa nimeshafika kwa wa saba aliponyanyua kichwa na kuniuliza kwa Kiswahili cha shule, "Shikamoo mama. Mbona humsemeshi mtoto wako?"

Nikageuka. Alikuwa wa nne, niliyemgusa kichwa na kumpita. Ameshanyanyua kichwa, anafukuza nzi usoni, anasubiri ruhusa ya kwenda kucheza.